Mtihani wa vipaji maalumu: mtoto wa miaka saba aandaliwe kwa kiasi gani?

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi.

Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wetu wawili. Sisi ni Watanzania, nyumbani tunaongea Kiswahili. Mkubwa ana miaka saba, yuko darasa la pili. Shule imetuletea barua kwamba baada ya wiki tano darasa zima litafanya mtihani unaoitwa CogAT, na watakaopata alama za juu watatambuliwa kuwa watoto wenye vipaji maalumu. Mimi nilizoea kusikia vipaji maalumu ni Ilboru, Mzumbe au Kilakala, mtu ameshamaliza darasa la saba. Huyu wangu bado anang'oka meno.

Kwenye kundi letu la akina mama la WhatsApp wenzangu wamenunua vitabu vya mazoezi, na mmoja amepata mwalimu wa dola 65 kwa saa, mara mbili kwa wiki. Anasema asiyefundishwa hapiti. Mume wangu anaona kumfundisha mtoto mtihani wa akili ni udanganyifu, lakini wakati huohuo anataka tuache Kiswahili nyumbani mpaka mtihani upite. Mimi nilinunua kitabu kimoja, tukafanya kurasa kumi na mbili kwa jioni moja. Mtoto akalia, akaniuliza, "Mama, nikikosa nitarudishwa darasa la kwanza?" Tangu siku hiyo kitabu kiko juu ya kabati.

Je, tumwandae au tumwache aende alivyo? Na kama ni kumwandaa, tuishie wapi?

Mama wa Columbus

JIBU

Dada, kitabu utakishusha wiki ya tatu, ila zile kurasa kumi na mbili kwa jioni moja zisirudi tena. Mtoto wa umri huo anahitaji kuandaliwa kwa jambo moja tu: aujue mtihani ulivyo, ili siku ikifika akili yake ishughulike na swali lenyewe badala ya kushangaa anatakiwa afanye nini. Kazi hiyo huisha kwa vikao saba vya robo saa. Ukiendelea zaidi ya hapo unampunguzia usingizi na michezo, na alama haisogei kwa kiasi cha maana.

Tuanze na hoja ya baba. Ni hoja nzuri, na jibu lake ni kwamba kuna maandalizi ya aina mbili. Kumwonyesha mtoto aina za maswali si udanganyifu. Mchapishaji wa CogAT mwenyewe ana karatasi za mazoezi ambazo walimu hutakiwa kuwapitisha watoto kabla ya mtihani, na David Lohman, mmoja wa waliouandika mtihani huo, amekuwa akitetea kwamba watoto wote wapewe mazoezi hayo, kwa sababu asiyewahi kuona swali la namna hiyo anapoteza alama kwa ugeni tu. Udanganyifu ni kutafuta maswali yenyewe ya mtihani. Kuna watu mtandaoni wanaouza kurasa wakidai ndizo zitakazokuja. Usizinunue. Zikiwa za uongo umepoteza fedha. Zikiwa za kweli umeiharibu alama ya mwanao, maana haitakuwa inasema lolote juu yake.

Na yule mwalimu wa dola 65? Kwa wiki tano, mara mbili kwa wiki, hiyo ni dola 650. Tazama anachoweza kukuletea. Alama ya CogAT imepangwa hivi: mtoto aliye katikati kabisa ya wenzake wa umri wake hupata 100, na hatua moja ya mtawanyiko, ile ambayo watu wa takwimu huiita mkengeuko sanifu, ni 16. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja kuhusu watu wanaorudia mitihani ya aina hii, kwa maswali mapya yanayofanana na ya kwanza, zinaonyesha nyongeza ya karibu robo ya hatua hiyo. Ni kama alama nne. Wengi waliopimwa katika tafiti hizo ni wakubwa kuliko mwanao, lakini kiasi hicho kinatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo. Mtoto aliye karibu sana na mstari wa kutambuliwa, ambao kwa Ohio uko chini kidogo ya 132, anaweza kusogea akaugusa. Mtoto wa 110 hatafikishwa na mwalimu yeyote. Tena nyongeza hiyo huja mapema, pale mtoto anapoelewa aina ya swali, na hilo wewe unaweza kulifanya mwenyewe mezani kwako. Kwa hiyo usemi kwamba asiyefundishwa hapiti si wa kweli.

Sasa mtihani wenyewe. CogAT hauulizi alichosoma darasani. Unaangalia anavyohusisha vitu, na una sehemu kuu tatu: maneno, namba, na maumbo. Kila sehemu ina vijisehemu vitatu, jumla tisa. Darasa la pili kwa kawaida hufanya ngazi ya 8, yenye maswali 154. Usishtuke, hugawanywa katika vikao kadhaa, mara nyingi kwa siku tofauti. Katika ngazi za chini mpaka ya 8 maswali ni ya picha, na mtoto hashindani na saa. Saa, dakika kama kumi kwa kila kijisehemu, inaanzia ngazi ya 9. Kwa hiyo ukiona kitabu cha mazoezi kinakuambia umweke mtoto wa ngazi ya 8 mbele ya saa, kiache. Kitamfundisha haraka, na haraka ndiyo inayowaponza watoto wengi katika mtihani huu.

Tunataka ukae kwenye makosa, kwa sababu watoto wenye akili nzuri hukosa kwa njia zilezile.

Kuna swali la uhusiano. Juu kuna picha ya nyuki na mzinga. Chini kuna ndege, na pembeni yake nafasi tupu. Picha za kuchagua ni yai, kiota, bawa na mbegu. Mtoto anachagua bawa. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Kwa sababu ndege ana bawa." Ni kweli, wala hajakosea kuhusu ndege. Amekosea kwa kuangalia mstari wa chini peke yake. Dawa yake ni sentensi. Mzoeze kuitamka ile ya juu kwanza: "Nyuki anakaa kwenye mzinga." Kisha aitumie sentensi hiyohiyo chini: "Ndege anakaa kwenye..." Akizoea kutunga sentensi kabla ya kutazama majibu, kosa hili hupungua sana. Na anaweza kuitunga kwa Kiswahili, maana picha haina lugha.

Swali la makundi lina mtego unaofanana na huo. Anaonyeshwa nyundo, msumeno na bisibisi, achague cha nne kati ya msumari, ubao, koleo na fundi. Mkono unaenda kwenye msumari, kwa sababu nyundo na msumari huwa pamoja. Lakini kuwa pamoja si kuwa kundi moja. Mfundishe kuuliza, "Hivi vitatu vyote ni nini?" Vyote ni vifaa vya kazi anavyoshika fundi mkononi, basi cha nne ni koleo. Akisema jina la kundi kabla ya kugusa karatasi, amemaliza.

Kwenye namba kuna treni mbili. Ya kwanza imebeba vitu, ya pili ina behewa lililokwisha kupakiwa na jingine tupu. Achague behewa litakalofanya treni zote mbili zibebe sawa. Treni ya kwanza ina vitano, ya pili ina viwili tayari. Mtoto anachagua behewa lenye vitano, kwa sababu ameona vitano juu na amesahau viwili vya chini. Hapa chukua maharage na visahani. Panga matano upande mmoja, mawili upande wa pili, mwambie, "Fanya visahani viwe sawa bila kugusa vya huku." Mkono wake utaongeza matatu kabla mdomo haujajua kwa nini. Fanya hivyo mara nne tano kwa idadi tofauti, ndipo umwonyeshe treni ya kwenye karatasi. Kijisehemu kingine cha namba kina shanga zilizotungwa kwenye nyuzi, kila uzi na idadi yake, naye aseme uzi unaofuata utakuwa na ngapi. Mtoto ambaye hajawahi kuona kifaa cha kuhesabia cha shanga huduwaa kwa picha tu. Mwonyeshe mara moja, inatosha.

Karatasi iliyokunjwa ndiyo huwasumbua wengi. Chukua karatasi ya mraba, ikunje katikati kama kitabu, itoboe kwa penseli karibu na ukingo wa nje, mbali na mkunjo. Kabla ya kuifungua mpe karatasi nyingine isiyokunjwa, aonyeshe kwa kidole matundu yatakapokuwa. Watoto wengi huonyesha matundu mawili upande mmoja, au huyasogeza yote karibu na mkunjo. Wanalihamisha tundu badala ya kuligeuza kama kwenye kioo. Ifungue, mwache aone mwenyewe: tundu lililo mbali na mkunjo upande huu liko mbali vilevile upande wa pili. Rudia kwa tundu lililo karibu na mkunjo, kisha kwa karatasi iliyokunjwa mara mbili, ambapo tundu moja litatoa manne. Hili halifundishiki kwa kitabu. Linataka karatasi halisi, mkunjo halisi, na mtoto mwenyewe ashike penseli.

Kwenye mraba wa maumbo kuna vyumba vinne, kimoja kitupu. Hapo kosa ni kuona badiliko moja na kuacha la pili: umbo limebadilika kutoka mduara kuwa pembetatu, na pia limekuwa dogo, lakini yeye ameshika umbo tu. Muulize kila mara maswali mawili: "Nini kimebadilika? Na kingine?" Hilo la pili ndilo analosahau.

Ratiba yako iwe hivi. Wiki mbili za mwanzo kitabu kikae palepale. Chezeni. Tegeaneni vitendawili jioni, na ukishapata jibu usiishie hapo, muulize kwa nini yai likaitwa nyumba isiyo na mlango. Huko ndiko kuhusisha kwenyewe. Mpe kazi ya kupanga vifungo au vijiko kwa kundi analolitaka, kisha avichanganye na kuvipanga tena kwa kundi jingine. Bao kama mnalo, vizuri zaidi. Wiki ya tatu fanya vikao vitatu vya robo saa, kimoja cha maneno, kimoja cha namba, kimoja cha maumbo, maswali mawili au matatu ya kila aina, na kila swali mjadili: "Umejuaje?" Muulize hivyo hata akipata, la sivyo atajua kwamba ukiuliza maana yake amekosa. Wiki ya nne vikao vitatu tena, lakini kwa aina zile tu alizojikwaa. Wiki ya tano kikao kimoja cha maswali kama kumi na tano yaliyochanganywa, akiyajibu peke yake kwa kuweka alama, kisha funga kitabu. Siku mbili za mwisho kabla ya mtihani hakuna zoezi lolote.

Asubuhi, jioni baada ya chakula, popote, ila si akiwa na usingizi au njaa. Akianza kuchezea penseli au kujibu bila kutazama, simama, hata kama zimepita dakika sita. Mtoto aliyechoshwa na mazoezi huingia chumba cha mtihani akiwa ameshauchukia, naye hujaza viduara vya majibu bila kutazama swali. Walimu wanaosimamia wanawaona watoto hao: wanamaliza wa kwanza.

Kuna mambo madogo yanayogharimu alama ambayo hayana uhusiano na akili. Uliza shule kama mtihani ni wa karatasi au wa kompyuta. Kama ni wa karatasi, ajue kujaza kiduara kimoja kwa kila swali, kukifuta vizuri akibadili mawazo, na kuweka kidole kwenye mstari anaofanya ili asiruke. Kama ni wa kompyuta, mtoto aliyezoea kugusa kioo cha simu huweza kuhangaika na kipanya. Mpe siku mbili tatu za kukitumia, pamoja na kuvaa visikilizio. Mwambie pia kwamba jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo akikwama achague linaloonekana kufaa zaidi, asiache wazi. Na kama hajapimwa macho mwaka huu, mpimisheni. Maumbo yale ni madogo, na tofauti ya mistari miwili na mitatu haionekani kwa mtoto anayehitaji miwani.

Kiswahili msikiache. Hapa tunamsihi baba kwa dhati. Katika maswali 154 ya ngazi ya 8 kuna kijisehemu kimoja tu, chenye maswali 18, ambacho mwalimu au kompyuta husoma sentensi na mtoto akachagua picha. Kwa mtoto wenu kitasomwa kwa Kiingereza. Kuna toleo la Kihispania, la Kiswahili halipo. Mengine yote ni picha, namba na maumbo. Kuacha Kiswahili wiki tano kwa ajili ya maswali 18 ni hasara, kwa sababu mtoto hatapata Kiingereza kipya cha maana kwa muda huo, bali atapata wazazi wanaoongea naye kidogo na kwa sentensi fupi. Kuhusisha, kueleza sababu, kubishana kwa hoja, vyote hivyo amevijenga kwa lugha yenu, na anavihamishia kwenye Kiingereza cha shule. Kinachofaa kuongezwa ni maneno ya maelekezo kwa Kiingereza: safu, inayofuata, iliyo tupu, inayofanana, ni ya kundi hili, chini ya picha. Kama dazeni moja hivi, mkiyatumia ndani ya vile vikao saba.

Kuna jambo jingine kuhusu lugha ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Ikiwa shule imemwandikisha mwanao kama mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, mtihani huu una njia ya kukokotoa alama ya maneno bila kile kijisehemu cha kusikiliza sentensi. Mwandikie mratibu wa vipaji maalumu wa wilaya yenu ya shule umuulize kama wanaitumia, na kama inahesabiwa katika utambuzi. Muulize kabla ya mtihani, kwa maandishi. Na kama barua za shule zinakupa shida kuzielewa, omba mkalimani au tafsiri. Shule za umma Marekani zinawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, wala hulipi.

Ohio ina kanuni ambazo zinapaswa kukupunguzia presha. Jimbo linazitaka wilaya zipime darasa zima angalau mara moja kati ya chekechea na darasa la pili, na mara nyingine kati ya la tatu na la sita. Kwa hiyo mtihani huu una mlango wa pili. Zaidi ya hapo mzazi anaweza kuomba mtoto apimwe. Wilaya inatakiwa kutoa nafasi angalau mbili kwa mwaka, na ombi likishapokelewa upimaji ukamilike ndani ya siku 90. Alama kutoka wilaya nyingine au kwa mtaalamu wa nje, kwa mtihani ulioidhinishwa na jimbo, hukubaliwa kama hazijapita miezi 24. Na mtoto akishatambuliwa, utambuzi haufutwi na alama ya baadaye.

Kipengele cha akili ya jumla kinatambuliwa kwa mtoto aliye hatua mbili za mkengeuko juu ya wastani, ukiondoa kosa la kawaida la kipimo, yaani kiasi ambacho alama huweza kuyumba kwa bahati tu. Kwa CogAT hatua mbili ni 132, hivyo mstari huangukia chini kidogo ya hapo. Namba kamili ya ngazi aliyofanya mwanao muulize mratibu, usiichukue kwenye kundi la WhatsApp. Kuna pia utambuzi wa somo moja moja, kusoma au hisabati kwa mfano, kwa mtoto anayefikia asilimia ya 95 katika mtihani wa somo hilo, yaani amewapita wenzake 95 katika kila 100. Mtoto anaweza kukosa mlango mmoja akaingia kwa mwingine.

Ila hapa kuna jambo zito kuliko yote, na ndilo la kuuliza kabla hujatoa hata senti kwa mwalimu: Ohio inalazimisha wilaya kuwatambua watoto wenye vipaji, hailazimishi kuwapa huduma. Kuna shule ambako mtoto aliyetambuliwa hupata darasa maalumu la hisabati au kusoma, na kuna shule ambako hupata barua tu. Uliza: "Mtoto akitambuliwa darasa la pili, mwaka ujao atapata nini, saa ngapi kwa wiki, na kwa mwalimu gani?" Kama kuna huduma, kutakuwa na mpango wa maandishi wa elimu yake, omba kuuona. Familia zinatia mtoto kwenye jasho la miezi kwa ajili ya kitu ambacho shule yao haina.

Ripoti ikija, anza na tarehe ya kuzaliwa. Hili si dogo kwa jamii zetu. Alama hulinganishwa na watoto wa umri uleule kwa miaka na miezi, na familia nyingi zilizokuja kama wakimbizi, hasa ndugu zetu wa Kongo, watoto wao wameandikwa wamezaliwa Januari 1 kwa sababu kumbukumbu hazikuwapo. Mtoto aliyezaliwa Oktoba akiandikwa Januari ya mwaka huohuo, analinganishwa na wanaomzidi miezi tisa, na alama yake inashuka bila kosa lake. Nyaraka za kuthibitisha kama zipo, zipelekeni kabla ya mtihani. Kisha tazama alama za sehemu tatu kila moja, usiangalie jumla peke yake. Mtoto mwenye maumbo juu sana na maneno chini, hasa mwenye lugha mbili, anakuambia jambo ambalo wastani unalificha.

Na msiichukue alama hiyo kama hukumu ya maisha. Lohman na Katrina Korb walionyesha mwaka 2006 kwamba kati ya watoto waliomo kwenye asilimia chache za juu kabisa mwaka mmoja, karibu nusu hawatakuwamo mwaka unaofuata. Akili haijapungua. Watoto wadogo hukua kwa kasi tofauti, na kipimo kimoja cha asubuhi moja huyumba. Ndiyo maana sisi hatupendi kabisa kuwapima na kuwafundisha mtihani watoto wa miaka minne. New York walifanya hivyo kwa miaka mingi: mtoto wa miaka minne alihitaji asilimia ya 97 kustahili shule za vipaji za jiji zima, na kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, aliyepata chini ya 99 mara nyingi alikosa. Biashara ya kuwafundisha ikanawiri, na alama ikawa inapima zaidi mfuko wa mzazi. Januari 2021 mkataba wa mtihani huo ulikataliwa, na tangu hapo watoto wa umri huo huteuliwa na walimu wao wa awali kisha hupigiwa kura ya bahati.

Kupima darasa zima, kama wanavyofanya kwenu, ni bora zaidi kwa familia kama yako. Kaunti ya Broward, Florida, ilipoanza mwaka 2005 kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kusubiri walimu na wazazi wawapendekeze, watoto wa familia za kipato cha chini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walitambuliwa kwa wingi zaidi. Walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewataja. Upimaji huo ulipositishwa, idadi yao ikarudi chini.

Tahadhari moja ya haraka: haya yote yanahusu mtihani wa darasa zima. Ikitokea mtoto akapelekwa kwa mwanasaikolojia wa kumpima mmoja mmoja, kwa mfano kwa kipimo cha akili cha watoto kiitwacho WISC, msimfanyie zoezi lolote kabla. Vipimo hivyo vinategemea ugeni wa kazi anazopewa, na mtaalamu atamwelekeza kila hatua. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaopeleka watoto kwenye usaili wa darasa la kwanza la shule binafsi wanaweza kuchukua kanuni ileile ya vikao vifupi, ingawa kule huwa wanaangalia kusoma na kuhesabu, si maumbo.

Limebaki lile swali la mwanao, na amelisubiri muda mrefu. Usimwambie ni mchezo, kwa sababu akiona ukimya wa chumba atajua umemdanganya. Usimwambie ni mtihani wa akili. Mwambie jioni hii hii: "Hapana, hurudishwi popote. Utabaki darasa la pili na mwalimu wako yuleyule. Kuna maswali utakayoyaona rahisi na mengine magumu, yamewekwa magumu makusudi. Tazama picha zote kwanza, ndipo uchague." Mwambie hayo, baba yake naye akiwa amekaa hapohapo, ili asije akasikia kwingine maneno tofauti.